Usiwashe Pikipiki Kabla ya Kusindikizwa

Marahaba. Najua hamjasema kitu bado, lakini wengi mtakaosoma haya ni wadogo kwangu, kwa hiyo naipokea mapema tuendelee na kazi. Ila mkumbuke kwamba tumeanza hivyo, maana shikamoo yenu hiyo ina mambo yake na nitairudia.

Mimi nilikuwa mdodosaji. Kwa wasiojua, mdodosaji ni yule mtu anayekuja nyumbani kwako na maswali ambayo hakuyatunga, anakuuliza mambo ambayo hayamhusu, halafu anapeleka majibu kwa watu ambao hutawaona. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana wangu, Kilosa mjini, Dumila, Kidodi, milimani na bondeni, hadi Mikumi ninakoishi sasa. Nimeuliza watu habari za vyoo, vyandarua, mahindi, tembo na huzuni. Watu wanasema nimestaafu. Kazi zetu zilikuwa za mikataba ya miezi michache michache, hakuna sherehe ya kuagwa wala saa ya ukutani. Kustaafu kwetu ni kwamba simu inaacha kuita.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja aliyekuja kwangu juzi juzi. Kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, amekuja na pikipiki. Akaniamkia vizuri. Akanieleza kwamba mradi wao unatafuta wazee waliofiwa na wenzao, ili wale wanaoelemewa wawe wanatembelewa na mtu wa ushauri. Mume wangu, Baba Upendo, tulimzika masika yaliyopita. Kijana akanipa pole, akaniomba nipunguze redio maana ilikuwa juu sana na hasikii, nikapunguza. Akaniuliza kama nalala, kama nakula, kama siku zinaniwia nzito. Nikajibu nalala, nakula, siku ni nyepesi. Akashukuru, akaondoka.

Majibu yale yote si kweli. Mimi niliyelipwa maisha yangu yote kuwatambua watu wanaojibu hivyo, nimejibu hivyo hivyo, tena bila kukwama hata kidogo. Na kwa majibu yale mtu wa ushauri atapita mlangoni kwangu akienda kwa jirani. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, na yeye akiwamo, mjue jinsi jibu lisilo la kweli linavyotengenezwa na watu wawili wenye adabu zao.

Nianze na jiko. Huko milimani juu ya Kilosa akina mama wa kijiji kimoja walipewa majiko banifu, yale yanayokula kuni kidogo. Baada ya muda tukatumwa kuuliza kama wanayatumia. Kila mama alijibu kwamba analitumia sana. Bibi mmoja, mtu wa kanisa, mstaarabu, aliyesoma shule ya misheni na kuandika mwandiko mzuri kuliko wangu, alisema analitumia kila siku, akanishika mkono kwenda kunionyesha. Ndani ya jiko mlikuwa na mbegu za maharage, zimefunikwa vizuri na kigae cha chungu. Panya hawafiki. Nikarudia swali kwenye karatasi. Lilisema “unalitumia”, halikusema kwa kupikia. Nikaandika ndiyo.

Nilipokwisha kufunga karatasi nilimuuliza kwa nini asiniambie tu kwamba jiko halikumfaa. Akaniangalia kwa huruma. “Mtu amekupa zawadi,” akasema, “halafu anamtuma mtoto wake aje kuuliza kama umeipenda. Wewe ungejibuje?”

Mjue tu kwamba wewe ukifika nyumbani kwa mtu unajiona umebeba dodoso, lakini mwenye nyumba anaona mgeni. Mgeni hapewi habari mbaya kabla hajapumzika, na wewe hupumziki, una nyumba nyingine sita za kumaliza kabla jua halijawa kali.

Mambo mengine tunajiletea wenyewe. Dumila, pale njia panda, tulitumwa kwa akina mama wanaouza chakula stendi, tuulize kama wananawa mikono. Mradi ulitushonea fulana zenye maandishi makubwa kifuani: NAWA MIKONO. Tukaingia stendi watu kumi tumevaa hivyo, tunauliza watu kama wananawa mikono. Sijawahi kuona maji yakimwagwa namna ile. Mama mmoja alinawa tangu swali la kwanza hadi la mwisho, chapati zikaungua. Ripoti ilitoka ikisema elimu imewafikia.

Na Mikumi huku, upande wa mashamba yaliyopakana na hifadhi, tuliuliza hasara ya tembo. Kulikuwa na maneno kwamba watu watapewa kifuta machozi. Kwa majibu tuliyokusanya, tembo wa upande ule walikula mahindi mengi kuliko yaliyopandwa. Mzee mmoja alinitajia shamba lililoliwa lote, nikamuuliza liko wapi, akanionyesha mahali ambapo pana shule. Sikubishana naye. Tembo kweli walimlia mkulima huyo mahindi miaka iliyopita, akalia peke yake, hakuna aliyekuja na karatasi. Siku karatasi ilipofika, aliijaza madeni yote.

Kidodi nilikutana na mkulima wa miwa ambaye lori lilikuwa linamngoja. Nilimsomea kwamba wanawake wanafaa kuwa viongozi. Akasema ndiyo. Kwa utaratibu, mbele kidogo swali linarudi kinyume, nikamsomea kwamba uongozi ni kazi ya wanaume peke yao. Akasema ndiyo. Nikamwambia kwa upole kwamba majibu yake mawili hayaendani. Akasema ndiyo. Mtu mwenye lori mlangoni hajibu maswali, anakutoa tu.

Sasa shikamoo. Ukimpa mtu shikamoo naye akakupa marahaba, mmekwisha gawana vyeo. Yeye mzazi, wewe mtoto. Haya, mwulize mzazi wako kama analia. Mwulize baba wa watu, mwenye mvi, kama kuna siku anaona heri asingeamka. Atakuambia yuko salama, na atakuuliza kama umekula. Hapo hajakudanganya, amekulea. Na usidhani utakwepa kwa kuiacha. Tulikuwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyefundishwa kwamba asimwathiri mhojiwa kwa namna yoyote, akaamua kuacha shikamoo, akamwambia mzee mmoja wa Kimamba, “Mambo, mzee.” Hakupata jibu hata la swali la kwanza, ambalo lilikuwa jina.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Tatu. Mwenyeji wa Kilosa, mtu wa bondeni, swala tano, mdogo wa umbo, mwavuli mkononi jua na mvua. Alikuwa amenizidi umri kiasi cha kuwa mama yangu mdogo, na alinitendea hivyo. Alinifundisha kuketi chini kuliko mwenyeji. Alinifundisha kukubali maji hata kama sina kiu. Kitu kimoja tu cha Bi Tatu kilinikera: kuondoka kwake. Kuingia aliingia kama watu, lakini kuondoka ilikuwa safari. Anasimama, anakung'uta kanga, anatafuta mwavuli ulio mkononi, anaaga, anaaga tena, halafu anatembea polepole na mwenyeji wake ubavuni hadi mahali pa kuachana, na hapo anasimama tena. Sisi wenzake tunamngoja barabarani tumeiva kwa jua. Nilidhani ana miguu mibovu na nilimwonea huruma. Mpaka siku moja Dumila basi lilipotaka kutuacha nikamwona Bi Tatu akikimbia. Alilipita hata basi lenyewe. Nilipomfikia nikamuuliza habari ya miguu. Akasema, “Miguu ina nini?”

Hakunieleza zaidi. Yeye hakuwa mtu wa kueleza, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza nje ya dodoso. Nilikuja kuelewa mwaka ambao Mto Mkondoa ulitoka njiani mwake.

Mto ule kutoka njiani si jambo geni kwa mtu wa Kilosa, lakini mwaka huo ulitoka vibaya. Watu wa Magomeni, mtaa wa pale pale Kilosa kando ya mto, walikaa kwenye mahema muda mrefu. Walipoanza kurudi majumbani, ulikuja mradi wa kuangalia hali zao za moyo. Kiongozi wa mradi alikuwa Dokta Joyce, mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mdogo, mpole, makini, anayesoma kila karatasi mwenyewe. Mradi ulikuwa na nesi mmoja tu wa ushauri kwa Magomeni yote. Kwa hiyo tulipita nyumba kwa nyumba na maswali ya usingizi, chakula na huzuni, na wale ambao majibu yao yalionyesha wameelemewa ndio nesi angewatembelea. Asiyeonekana kwenye majibu haendewi. Na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa, kwa sababu Jumatatu nesi anaanza kazi.

Ili tuwahi, mradi ulitupatia pikipiki na madereva. Tulifurahi sana. Unamaliza nyumba, dereva anawasha, unapanda, unatoweka. Bi Tatu alikataa. Alisema yeye akipanda kitu kile atashukia makaburini, akaendelea na mwavuli wake kwa miguu.

Katikati ya juma Dokta Joyce aliona jambo. Karatasi zetu sisi wa pikipiki zilionyesha kwamba Magomeni ni shwari, watu wanalala na kula kana kwamba mto haukufika. Karatasi za Bi Tatu, mtaa ule ule, zilionyesha watu hawalali, hawali, wamechoka na dunia. Ukizipanga mezani ungedhani mafuriko yalichagua kupita kwenye nyumba za Bi Tatu tu.

Dokta alimwita, akamwambia ana kwa ana, kwa heshima, kwamba ana wasiwasi huenda anawaelekeza watu majibu. Msimseme vibaya Dokta. Wasiwasi ule ulikuwa wa haki. Nimewaona wadodosaji wanaojaza karatasi wakiwa mgahawani na supu. Bi Tatu hakukasirika, au alikasirika ndani. Alisema tu kwamba zirudiwe nyumba nilizohoji mimi, yeye aulize, mimi nikae nisikilize. Dokta akakubali, akachagua nyumba mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu mwembamba, na maji yalikuwa yamemchukulia mkewe, Mama Saidi. Mimi ndiye niliyemhoji mara ya kwanza. Kwa karatasi yangu hapakuwa na mtu mwenye utulivu kumzidi Magomeni nzima. Nesi hakuwa na sababu ya kumkaribia.

Tulifika asubuhi. Uwanja umefagiwa, cherehani imefunikwa kitambaa, kuku wanatembea kwa shida kwa unene. Nikampa shikamoo, akaipokea. Bi Tatu yeye alimpa salamu za mtu na mwenzake, wakaulizana watoto na hali. Mimi kwa kuchangamsha mazungumzo nikasema, mzee, kuku wako wamenona.

“Wanakula vizuri,” akasema.

Bi Tatu akafungua karatasi, akasoma maswali kama yalivyoandikwa, neno kwa neno. Unalala? Nalala, alhamdulillahi. Unakula? Nakula. Huzuni? Akacheka kidogo, akasema huzuni ya nini, kazi ya Mungu haina makosa. Majibu yale yale aliyonipa mimi. Nilimtazama Bi Tatu kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi. Yeye akakunja karatasi bila kutia sahihi, akaanza ile safari yake ya kuondoka.

Mzee Athumani naye akainuka, akavaa kofia, akachukua fimbo. “Ngojeni niwasogeze,” akasema. Hapo nikakumbuka kwamba hata mara ya kwanza alivaa kofia akachukua fimbo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha panda nyuma ya dereva. Nilimpungia mkono.

Ninyi mnajua desturi hii, mmezaliwa nayo, ndiyo maana hamuioni. Mgeni hatoki peke yake. Mwenyeji anamsindikiza, na yale yaliyozungumzwa ndani yalikuwa ya kukaribishana tu. Anayetaka kukopa anakopa njiani. Anayetaka kuposa anagusia njiani. Mkiwa mnatembea hamtazamani usoni, mgeni amekwisha kukirimiwa, nyumba imebaki nyuma na heshima yake, basi mdomo unapata nafasi. Kila mtu wa Kilosa anajua hivyo, na hakuna dodoso hata moja nililowahi kushika lililojua.

Basi tulitembea. Bi Tatu na mzee mbele, mimi nyuma. Walizungumza bei ya mchele. Walizungumza habari ya mto na tuta lililobomoka. Tukafika relini, mahali ambapo mtu wa nyumba ile huachana na mgeni wake. Bi Tatu akasimama, akaangalia reli upande huu na upande ule kana kwamba anangoja treni. Treni siku hiyo haikuwapo, naye alijua.

“Wale kuku aliowasifia huyu binti,” Mzee Athumani akasema. “Wanakula chakula cha Mama Saidi. Nikisonga ugali mkono unajipimia wa watu wawili. Nimejaribu kupunguza unga, mkono haukubali.”

“Na chako?” Bi Tatu akauliza.

“Changu nacho wanakula wao.”

Nilisikia aibu, nawaambia wazi, na chini ya aibu nilisikia woga, kwa sababu sasa niliona shati lake lilivyomning'inia mabegani. Nilikuwa nimeliona pia ndani ya nyumba, nikadhani ni mtindo wa mafundi cherehani kuvaa mapana. Bi Tatu hakushtuka wala hakutoa pole nyingi. Alimwambia, “Turudi, mzee mwenzangu. Sasa zamu yangu kukusindikiza.”

Tukarudi wote hadi uwanjani. Bi Tatu akaketi tena, akafungua karatasi, akaniambia, wewe nenda kaangalie kuku. Nikaenda kuangalia kuku. Alijua kwamba mbele yangu mimi niliyempa shikamoo mzee atarudi kuwa salama. Maswali yale yale akayasoma upya, neno kwa neno, sauti ya chini, na safari hii alikaa muda mrefu kwenye kila moja. Mimi niliwatazama wale kuku hadi nikawachukia.

Jioni ile Bi Tatu alimweleza Dokta Joyce yote. Dokta alisikiliza, halafu akauliza swali ambalo nataka mlibebe maisha yenu yote. Alisema: mtu ukimuuliza mara mbili, je, mara ya pili hakujibu tu kile alichoona unakitaka? Bi Tatu akafikiri. Akasema inawezekana, hasa kwa mtu mwenye adabu, na Magomeni wamejaa. Wakakaa wale wawili hadi chai ikapoa, mmoja na kalamu, mwingine na mwavuli. Wakakubaliana kwamba mtu aulizwe mara moja tu, nusu ya nyumba waulizwe wakiwa wameketi, nusu waulizwe wakati wa kusindikizana, nani awe kundi gani iamuliwe kwa kura. Pikipiki zikalazwa kwa mtendaji. Namba za matokeo sitazitaja, ni za Dokta, lakini kundi la njiani lilikuwa na huzuni zaidi kuliko la vitini, na wadodosaji wake walikuwa na viatu vibovu zaidi.

Msichukue hilo mkaligeuza dawa ya kila kitu. Haikuchukua siku nyingi kabla Magomeni kujua kwamba anayelalamika njiani anapata mgeni wa mradi. Mama mmoja alinisindikiza karibu na stesheni, akilia mwendo mzima, na katikati ya kilio akasimama kununua nyanya na kuomba apunguziwe bei. Watu si wajinga. Wanajua dodoso ni mlango, kila mmoja anachungulia kuna nini upande wa pili. Kazi yako ni kujua mwenzako anadhani kuna nini huko.

Jina la Mzee Athumani liliingia kabla ya Ijumaa. Nesi wetu alikuwa mama mnene wa Kidodi, mcheshi, asiye na haraka. Jumatatu alikwenda kwake, akamkuta salama salmini, kila kitu kizuri. Hakubishana naye. Siku ya pili alikwenda saa ya chakula. Mnajua mwenyeji akikutwa na chakula. Akamkaribisha, nesi akanawa, na hakuna mwanamume wa Magomeni atakayekaa kumtazama mgeni akila peke yake. Ikabidi ale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, na mimi siku zote nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mgeni. Nesi akawa anakwenda saa ile ile. Ule ugali wa watu wawili ukapata watu wawili. Mazungumzo ya ushauri yalikuja baadaye, pole pole, juu ya sahani.

Sisi tulirudi baadaye na karatasi kupima maendeleo. Mimi sikuhitaji karatasi. Nilipoingia uwanjani niliwaona kuku wamekonda, nikafurahi hadi nikatokwa na machozi, mzee akaniuliza kama vumbi limeniingia. Nikamwambia ndiyo. Alishona tena, nguo zangu mbili za Idi na Krismasi ni mkono wake, na alikufa miaka mingi baadaye akiwa mzee wa haki. Bi Tatu yuko hai, Kilosa pale pale. Siku hizi miguu yake ni mibovu kweli, na hakuna anayemwamini.

Sasa nirudi kwako, kijana wa pikipiki. Sikulaumu. Maswali uliyasoma vizuri, hukuniongoza, hukunikatiza. Kifaa chako kinaonyesha dakika ulizotumia kila nyumba, na najua kuna msimamizi anayezitazama. Ulipomaliza nilikuambia ngoja nikusogeze, ukasema usijisumbue, bibi, nina usafiri. Hiyo nayo ni adabu. Niliingia ndani kutafuta kandambili. Nilipotoka nikasikia mlio wako umekwisha fika barabara kuu, na mimi nimesimama mlangoni na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

Ningekusogeza hadi dukani. Sijui kwa hakika ningekuambia nini, maana mtu hajui mpaka afike, ila nadhani ningekuambia habari ya redio. Baba Upendo alikuwa na masikio mazito. Redio mimi siipendi, na sauti ile tumegombania tangu tuoane. Nikipunguza anapandisha, nikipunguza anapandisha. Tangu tumzike nilikuwa sijaigusa. Inapiga kelele kutwa nzima, na mimi sisikilizi hata neno moja. Wewe uliponiomba nipunguze, ilikuwa mara ya kwanza kuisikia nyumba yangu ilivyo. Maswali yako yote niliyajibu nikiwa naisikiliza nyumba hiyo, nikitamani umalize haraka uende. Ulipoondoka nikairudisha palepale alipokuwa anaiweka.

Kwa hiyo majibu yangu yafute. Uje tena, pikipiki uiache dukani, utembee kipande hicho. Shikamoo utanipa, nitaipokea, ukiniuliza habari nitakuambia ni nzuri, na chai utakunywa. Lile swali la usingizi usiniulize ndani. Niulize tukishatoka.